Kidato cha tatu wamempima Sultan Barghash: "alikuwa mzuri lakini alikuwa mbaya"

ChakiNyeupe (mwanzisha mada), Jumanne, saa 3:10 usiku

Assalam aleykum wakubwa na wadogo wa jukwaa. Mimi mwalimu wa historia, skuli moja ya sekondari hapa Unguja, mwaka wa nne kazini. Nimekaa na rundo la madaftari, chai imeshapoa, na naomba msaada kabla sijaandika maneno mabaya pembeni mwa kazi za watoto wa watu.

Wiki iliyopita niliwapa kidato cha tatu, wanafunzi 51, swali la mstari mmoja: "Tathmini utawala wa Sultan Barghash bin Said, 1870 hadi 1888." Tulikuwa tumemsoma wiki tatu nzima. Tarehe wanazo kuliko nilivyotarajia. Kimbunga cha Aprili 1872 wanakijua, mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 wanaujua, jumba lake la Beit al-Ajaib 1883, Mjerumani Carl Peters kuzungukia Usagara na Uzigua huko bara akikusanya mikataba mwishoni mwa 1884, yote yamo. Tathmini ndiyo haimo.

Nimepata mafungu mawili. La kwanza, kama thelathini hivi, wamemjengea mnara mwengine juu ya ule alioujenga mwenyewe: alijenga majumba, alileta maji safi mjini, alileta umeme, alifuta biashara ya watumwa. La pili wamemfukia: alikuwa mfanyabiashara wa watumwa, akawauzia Wajerumani nchi, kwisha. Halafu yuko msichana mmoja wa safu ya mbele, mwandiko wake kama umepigwa chapa, ameandika hitimisho hivi: "Kwa hiyo Barghash alikuwa mzuri lakini alikuwa mbaya." Kisha akapiga mstari chini yake kwa rula na wino mwekundu. Nilicheka peke yangu, halafu nikaona kwamba hilo ndilo nililomfundisha: mazuri mkono huu, mabaya mkono huu, jumlisha, toa.

Jana nikaona bora tujadiliane kwa mdomo. Dakika kumi za mwanzo zilikwenda vizuri. Kisha kijana mmoja akatoa neno kuhusu babu za mwenzake, nani aliletwa na jahazi na nani alikuwa mwenye jahazi. Darasa zima kimya. Visiwani hapa mnajua wenyewe, habari hiyo haijawa ya zamani kiasi hicho. Nikafunga mjadala nikawaambia wachore ramani ya misafara. Ramani! Mpaka sasa naona haya.

Nauliza basi: mtoto wa miaka kumi na sita unamfundishaje kumpima mtawala, asimsifu kama mtu wa harusini wala asimtukane, na wenzake wasishikane mashati?

---

MtihaniKwanza, saa 3:41 usiku

Maalim usijisumbue. Utangulizi, hoja tatu za mafanikio, tatu za kasoro, hitimisho. Msahihishaji anahesabu hoja, haangalii moyo wa mtu. Wangu wanapasi.

---

ChakiNyeupe, saa 3:48 usiku

Hata wangu watapasi, sikatai. Huyo wa "mzuri lakini mbaya" kwa hesabu yako ana hoja saba.

---

BiKizeeWaHistoria, Jumatano, saa 12:20 asubuhi

Waaleykum salaam mwanangu. Rundo hilo nalijua, nimelilalia miaka thelathini na moja mpaka nikastaafu na kidole hiki cha chaki kilichopinda.

Lile la ramani usilionee haya, ulizima moto. Ila ujue kiberiti kilikuwa mkononi mwako. Ukimuuliza mtoto kama sultani alikuwa mzuri au mbaya, hujamuuliza historia, umemuuliza yeye ni wa upande gani. Na upande wake ameshapewa nyumbani, kabla hajajua kufunga vifungo vya shati la skuli.

Mimi nilipata njia kwa bahati, tena si katika kipindi cha historia. Mwaka mmoja mwalimu wa Kiswahili alikwenda kujifungua, nikabebeshwa vipindi vyake juu ya vyangu. Asubuhi nikawafundisha minyambuliko: piga, pigia, pigisha, pigwa, pigana. Baada ya mapumziko, darasa lile lile, ubao haujafutwa vizuri, tukaingia historia. Mtoto akasoma kutoka daftarini: "Barghash alifuta biashara ya watumwa mwaka 1873." Kwa kuchoka tu, ulimi ukaniponyoka, nikasema: kinyambue. Wakaanza kwa kuimba kama kawaida yao, alifuta, alifutia, alifutisha, alifutishwa. Kijana wa nyuma kabisa, ambaye tangu Januari hajanyanyua mkono, akasema, "Mwalimu, hiyo ya mwisho ndiyo ya kweli."

Nikamuuliza unajuaje. Hapo ndipo somo lilipoanza, maana ilibidi atafute.

Tangu siku ile kwangu sultani hapimwi mpaka kitenzi chake kinyambuliwe. Usiwape utawala wa miaka kumi na minane kwa mpigo, hawaubebi. Wape siku moja. Mimi nilikuwa nachagua ile ile 5 Juni 1873, kwa sababu wanadhani wanaijua. Funga vitabu, warudishe nyuma mpaka Januari, wakalishe kwenye kiti chake. Waambie: nyinyi ni Barghash. Kiti hiki mlikitaka tangu 1859, mkajaribu kumpindua kaka yenu Majid, Waingereza wakamsaidia yeye, nyinyi mkapelekwa Bombay. Mmekikalia Oktoba 1870. Aprili mwaka jana kimbunga kimelala juu ya Unguja, mikarafuu imeng'oka, merikebu zenu zimevunjika bandarini. Pato lenu kubwa ni ushuru wa forodha, na forodha yenyewe imekodishwa kwa tajiri wa Kihindi. Sasa ameingia Sir Bartle Frere kutoka London na karatasi: marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari, na masoko yao yafungwe. Mnamjibu nini?

Wengi watakataa. Naye alikataa, Frere akaondoka mikono mitupu. Hapo watoto hujiona mashujaa. Waache wafurahi kidogo, kisha walete John Kirk, mwakilishi wa Uingereza hapa mjini, na maagizo mapya: usipotia saini, manowari zitakizunguka kisiwa, hakiingii kitu hakitoki kitu. Sasa mnajibu nini? Utaona kimya, lakini kimya cha namna nyengine, si kile cha juzi. Hakuna anayemtazama mwenzake, wote wanatazama karatasi.

Halafu waandikie ubaoni: "Tarehe 5 Juni 1873 Barghash ali…… usafirishaji wa watumwa kwa bahari." Wajaze. Anayejaza "alifuta" anitajie saini yake na soko la watumwa la Mkunazini lililofungwa kwa amri yake. Anayejaza "alifutishwa" anitajie manowari. Nilipata mwaka mmoja mtoto kajaza "alijifutia". Nilidhani kakosea, nusura nimkate. Akajitetea hivi: tangu siku ile Waingereza walikuwa mgongoni mwa Barghash. Mwaka 1875 alialikwa London akaonana na Malkia Victoria. Mwaka huo huo Wamisri walipoteremsha askari Barawa na Kismayu, ni Waingereza waliowasukuma waondoke. Mwaka 1877 Mwingereza, Lloyd Mathews, akaanza kumfundishia jeshi. Basi, kasema mtoto, alichokifuta alijifutia mwenyewe, alinunua ulinzi. Niliweka kalamu chini. Vipo vitabu vinene ambavyo havijafika pale.

Fanya hivyo hivyo na "aliuza nchi". Nani alimlipa, lini? Mikataba ya Peters ilitiwa saini na machifu wa bara huko, Barghash hakuulizwa. Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikatoa hati ya kuilinda kampuni ya Peters. Barghash akapeleka simu ya kulalamika kwa Kaisari. Agosti zikaja manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya jumba lake, na Kirk, rafiki yake mkubwa, kaagizwa na London amtulize. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani wakakaa wenyewe wakampimia mwambao wa maili 10 kwenda ndani, kama kilomita 16. Hicho kitenzi ni "alinyang'anywa", sioni chengine. Lakini 1887 pwani ya kaskazini aliipa kampuni ya Kiingereza ya Mackinnon kwa mkataba wa miaka 50 apate malipo yake. Hapo "alinyang'anywa" haikai. "Alikodisha" inakaa. Tofauti ya miaka miwili, mtu yule yule, na mtoto aliyekaririshwa "aliuza nchi" hawezi kuiona tofauti hiyo.

"Alijenga" ndiyo rahisi, wala siizungumzi sana: hakuna sultani aliyebeba jiwe. Alijengesha. Ukishasema "alijengesha" swali la nani alijenga na kwa fedha gani linakuja lenyewe, na kwa Unguja jibu lake linapita kwenye ushuru wa pembe na shambani kwenye karafuu. Ila maji mwachie. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kilikuwa kimeufyeka mji huu, na mfereji ule wa maji safi walikunywa wengi, si watu wa jumbani tu.

Kusahihisha: usisahihishe kauli aliyoichagua, sahihisha anachokishikia. Mwenye "alifuta" na ushahidi anampita mwenye "alifutishwa" aliyeiba kwa jirani.

---

MwanaForodhani, saa 2:05 asubuhi

Jumba lenyewe lilishaporomoka 2020, na nyinyi bado mnampima mwenye jumba 😂

---

BiKizeeWaHistoria, saa 2:30 asubuhi

Siku ile walikufa watu wawili, mafundi waliokuwa kazini. Futa kicheko hicho. Wewe mwenyewe, sitaki ufutishwe.

---

MchumaKarafuu, Jumatano, saa 7:15 mchana

Bi mkubwa, shikamoo. Nimekusoma mara mbili na nimekupenda, lakini kuna pahala panawasha na nitapakuna.

Mchezo wako una mtendwa mmoja tu, naye amevaa joho. Alifutishwa, alinyang'anywa, alizungukwa na manowari. Kipindi kikiisha, watoto watatoka wanamlilia Barghash. Mimi mtu wa Pemba. Kimbunga kile kilichoing'oa mikarafuu ya Unguja kwetu hakikufanya kitu, bei ya karafuu ikapanda, na Pemba ikawa ndiyo shamba. Shamba linataka mikono. Kwa hiyo baada ya huo mkataba wenu wa 1873 watu walizidi kuvushwa usiku kutoka mrima, pwani ya bara, mpaka Waingereza wakaiweka manowari yao, HMS London, bandarini Unguja miaka mizima iwe inatuma mashua kuvizia majahazi. Na utumwa wenyewe, si biashara ya bahari, haukuguswa. Barghash amekufa Machi 1888 watumwa wamo mashambani, wakiwemo wa kwake. Amri ya kuuondoa imekuja Aprili 1897, na hata hiyo mtu alitakiwa aende mwenyewe kuomba uhuru wake, bwana wake alipwe fidia.

Kwetu nyumbani kuna babu ambaye jina la baba yake hakuna anayelijua. Hatuna barua yake, hatuna picha. Tuna kitenzi kimoja tu tulichorithishwa: alivushwa. Kinyambue hicho, Bi. Nani alivusha? Nani alivushiwa?

Sisemi njia yako mbaya. Nasema kauli ya kutendwa inaosha watu. Wanasiasa wanaijua sana. "Makosa yalifanyika." Na nani?

---

BiKizeeWaHistoria, saa 10:02 jioni

Marahaba mwanangu. Umenikuna kweli, na mahali penyewe ni kidonda.

Nakiri. Miaka mingi nilifundisha vile nilivyoandika asubuhi, na watoto walitoka wanamhurumia. Nilidhani huruma ni dalili kwamba wameelewa. Kwa huo utamu wa kumuona sultani naye kabanwa, nilisahau aliyebanwa na sultani.

Basi wewe Chaki, ongeza hili, tena liwe la lazima: kila mwanafunzi akimweka Barghash kwenye kutendwa, sentensi inayofuata aseme Barghash huyo huyo, mwaka ule ule, alimtenda nani. Asiporuhusiwa kuiacha sentensi ya kwanza peke yake, hatamlilia mtu. "Alivushiwa" ya mwenzetu hapo juu iandike ubaoni. Mimi nisingeipata.

---

MwalimuWaKilwa, Jumatano, saa 2:20 usiku

Habari zenu walimu. Mimi niko huku bara, Kilwa, nafundisha shule ya kata. Kwetu Barghash si jumba wala maji ya bomba, ni njia. Bahari ilipofungwa 1873, misafara iliyokuwa ikipakiwa hapa ikageuzwa, watu wakatembezwa kwa miguu kuelekea kaskazini, mwendo wa wiki nyingi. Ndiyo maana 1876 Barghash akatoa amri nyingine kuzuia misafara ya nchi kavu. Wanafunzi wengi wanairuka 1876. Msiwaruhusu. Mkataba wa 1873 unaonyesha alichotakiwa kufanya, lakini 1876 ndiyo inayoonyesha kama ule wa kwanza ulifanya kazi. Ukiona sheria mbili kwa jambo moja ndani ya miaka mitatu, ujue ya kwanza ilikuwa na tundu.

Ninachotaka kuongeza ni mashahidi. Wanafunzi wangu wanasoma kila kitu kama vile kimeandikwa na malaika. Mimi nawaambia kila aliyeandika juu ya Barghash alikuwa anamdai. Uliza deni kwanza.

Mfano mzuri ni dada yake, Salme. Mwaka 1859 alikuwa binti mdogo, lakini anajua kuandika, na ndiye aliyekuwa akimwandikia Barghash barua za ile njama ya kumpindua Majid. Baadaye akaolewa na Mjerumani, akaondoka. Mwaka 1885 akarudi na zile meli za Kijerumani kudai urithi wake, kaka mtu akakataa hata kumwona. Mwaka uliofuata kumbukumbu zake zikachapishwa Ujerumani, na humo Barghash anatoka mkali, mchoyo, hana shukrani. Je, anasema uongo? Sidhani. Anasema alivyodai. Nawapa wanafunzi kipande chake bila kuwaambia mwandishi ni nani, wanamhukumu Barghash papo hapo. Kisha nawaambia ni dada yake, na kwamba aliwahi kuhatarisha maisha kwa ajili yake. Wanaanza kusoma upya, polepole. Kirk naye anadai: kazi yake yote ilikuwa kuwaonyesha wakubwa zake kwamba Sultani anamsikiliza yeye. Kwa hiyo Barghash wa Kirk ni mtu wa kushawishika.

Na Barghash mwenyewe alijiandikia, msimsahau. Ile pesa ya shaba ya mwaka 1299 Hijria, yaani 1882, upande mmoja jina lake, upande wa pili mizani. Hapo anajitangaza kwamba yeye ni mtu wa haki na kipimo. Nayo ni ushahidi, ila wa mtu anayejisifu. Ukiweza kuipata, wape waishike.

---

ChakiNyeupe, Ijumaa, wiki mbili baadaye, saa 4 usiku

Nimerudi. Samahanini kwa kimya, mitihani ya ndani ilituingilia kati.

Nimefanya karibu yote, na si yote yaliyokwenda sawa. Kipindi cha kwanza kilipotea kwa vicheko. Walipogundua kwamba historia sasa ni kunyambua, kila mtu akataka kutunga kitenzi chake, nikaletewa "alijengeshewa" na "alisultaniwa". Kijana mmoja akasema Barghash "alikirikiwa", yaani alifanywa na Kirk. Nililiacha hilo liendelee kwa sababu, kusema kweli, ndiyo hoja yenyewe.

Kipindi cha pili niliwakalisha Januari 1873 kama alivyosema Bi. Niligawa vikaratasi: wewe Barghash, wewe Kirk, wewe tajiri wa forodha, wewe mwenye shamba Pemba. Nikafanya kosa hapo hapo. Nilipomaliza kugawa, mkono ukanyanyuka nyuma: "Maalim, aliyevushwa yuko wapi?" Sikuwa na kikaratasi chake. Nilimtayarishia kila mtu aliyekuwa na kiti, aliyekaa chini nikamsahau, na ilhali MchumaKarafuu alishatuambia. Nikachana kipande cha shajara yangu ya masomo nikaandika "aliyevushwa, Pemba, 1873", nikampa yule yule aliyeuliza. Akakaa nacho kipindi kizima bila kusema neno. Nilipomuuliza mbona huchangii, akanijibu kwamba hakuna aliyemuuliza kitu. Wenzake hawakucheka.

Kijana aliyetoa lile neno la babu za watu nilimpa Kirk. Sikusudii kusema kwamba amebadilika, ila alikuwa na kazi nyingi hata nafasi ya kutukana hakuipata.

Ya Kilwa imefanya kazi kuliko nilivyotegemea. Kipande cha dada mtu kimeligawa darasa vibaya sana, nusu wanasema mwanamke ana kinyongo, nusu wanasema mwenye kinyongo ndiye anayekumbuka vizuri. Na pesa ya mizani imepatikana! Mwanafunzi mmoja kaja nayo imefungwa kwenye kitambaa cha kanga, ya bibi yake, imesuguka jina halisomeki tena, mizani bado inaonekana. Kasema bibi kampa sharti moja, irudi kabla ya magharibi. Ilipita mikono 51 na mimi moyo uko juu.

Swali nimelirudia lile lile, "Tathmini utawala". Mafungu yamevunjika. Wapo ishirini na kitu ambao bado wananijengea mnara, lakini sasa wanaandika "alijengesha" na wanasimama hapo, hawaendi mbele. Sijui niwafanyeje hao. Yule msichana wa safu ya mbele namnukuu, kwa ruhusa yake:

"Mwaka 1873 Barghash alifutishwa usafirishaji wa watumwa, na mwaka 1885 alinyang'anywa bara. Lakini mashamba yake hakunyang'anywa na mtu, na waliokuwemo walichumishwa karafuu mpaka anakufa. Aliyeweza kumkatalia Frere Januari angeweza kuwaachia wa kwake Februari, hakuna manowari iliyomzuia."

Mstari chini, kwa rula, wino mwekundu, kama kawaida yake.

---

MchumaKarafuu, saa 4:25 usiku

Hakuna manowari iliyomzuia. Yarabi.

---

MtihaniKwanza, saa 4:31 usiku

Hoja mbili tu hizo. Tatu, ukihesabu vizuri.

---

BiKizeeWaHistoria, Jumamosi, saa 12:05 asubuhi

Umempa ngapi?

---

ChakiNyeupe, saa 12:40 asubuhi

Kumi na nne juu ya ishirini. Hakutaja 1876.

---

BiKizeeWaHistoria, saa 12:44 asubuhi

Mwongeze moja.

---

MwalimuWaKilwa, saa 1:10 asubuhi

Asiongezwe kitu. 1876 ni 1876.

---

ChakiNyeupe, saa 1:15 asubuhi

Nimeongeza nusu.